Marashi ya Masera

Mwaka huu nilirudi Rumonge kwa arusi ya mtoto wa binamu yangu, na kabla hata sijanawa vumbi la safari nikajikuta nimesimama mlangoni kwa watu nisiowajua, naomba maji ya kunywa. Uongo mtupu. Chupa ya maji ilikuwa mkobani mwangu. Nilitaka kuchungulia ua wa nyumba ile, kwa sababu humo ndimo nilimolelewa na Bibi, mama yake mama yangu. Mwenye nyumba wa sasa, mama mmoja mpole, aliniletea gilasi juu ya kisahani, nami nikanywa polepole huku macho yakizunguka. Kona niliyoitafuta imemwagwa saruji, na juu yake limekaa tangi kubwa jeusi la maji. Nikamshukuru kwa Kirundi, murakoze, nikaondoka, na chakula cha arusi sikukifaidi.

Utaniuliza, rafiki yangu, kona ya ua ina nini hata mtu mzima adanganye kiu. Basi kaa nikueleze. Pale palikuwa mahali petu pa kutawadhia. Palikuwa na birika, kigoda na jiwe bapa la kukanyagia, na maji yaliyotoka miguuni mwetu mara tano kwa siku yalipita kwenye kijifereji yakaingia kwenye kitalu kidogo, upana wake kama mkeka wa kusalia. Kitalu kilikuwa kivulini mchana kutwa, maana upande mmoja kulikuwa na ukuta wa jirani na upande wa pili jiko. Humo Bibi alikuwa na mmea mmoja tu, na mmea huo haukuwepo kwa mtu mwingine yeyote kutoka Kizuka mpaka Gatete.

Ulikuwa mmea mfupi, urefu wa shibiri, wala usingeugeuzia shingo. Majani yake yalikaa kwa duru, mengine juu ya mengine, kila duru ikizunguka shina kama miale ya jua katika mchoro wa mtoto. Tuliuita marashi ya masera. Masera ni mtawa, na huyu alikuwa mtawa wa Kizungu wa misheni moja ya milimani, huko kwenye baridi, ambako Bibi katika usichana wake alifua na kupiga pasi mashuka ya watawa. Masera aliuleta mmea huo kutoka kwao, akauotesha chini ya miti, akaukausha na kuutia baina ya mashuka ili nondo wasile na harufu ikae. Bibi alipoacha kazi kuja kuolewa ziwani, masera alimpa mzizi mmoja ndani ya kopo la maziwa ya unga, akamwambia hautaota kule kwenye joto. Bibi alikuwa mbishi. Uliota. Maua tu ndiyo uliyokataa kutoa, na Bibi alikuwa akitusimulia habari za maua hayo, meupe, madogo, yenye petali nne, kama mtu anayesimulia habari za Makka.

Ajabu yake ni kwamba mmea ukiwa mbichi haunukii kitu. Ufikiche, unuse, utapata harufu ya majani tu, ya mbuzi kula. Lakini ukate, uuache unyauke siku moja au mbili, hapo ndipo unapoanza kutoa harufu tamu, nzito, inayokaribia vanila na nyasi zilizokauka vizuri, na ukishakauka kabisa harufu hiyo haiondoki mwaka mzima. Bibi aliyashona majani makavu kwenye vifuko vya vitambaa, na hakuna bibi arusi wa mtaa wetu wa Waislamu aliyefunga sanduku lake bila kifuko cha Bibi kati ya vitenge. Asumini na udi kila mtu alikuwa navyo. Hiki kilikuwa cha Bibi peke yake, na ndicho kilichomfanya aitwe kwanza arusi ikitangazwa.

Alinifundisha kuutambua kwa mambo matatu: hesabu, papasa, kausha. Kwanza hesabu majani ya duru moja. Mara nyingi ni manane, japo yanaweza kuwa sita au tisa. Kisha papasa shina; lina pembe nne na ni laini, halikwaruzi. Na kama bado una shaka, kata kijiti kimoja, kianike, usubiri. "Mutu mwenye haraka hajui kitu kwa jina lake," alikuwa akisema. Kuupanda kwenyewe kulikuwa kazi ya uvumilivu vilevile. Hakuna mbegu. Unafukua mizizi yake myembamba kama nyuzi, myekundu kidogo, unakata kipande chenye kifundo, unakilaza chini ya udongo wa majani yaliyooza, halafu unajifanya umesahau. Mimi kusahau sikuweza. Nilikuwa nikifukua kila baada ya siku mbili kuangalia, na Bibi ananipiga kofi la mkono.

Nilikuwa na miaka kumi hivi, na ilikuwa miaka ya vita. Mama yangu alikuwa Bujumbura akiuza vitenge. Barabara ikifungwa, miezi ilipita hatujamwona. Lakini mtoto ni mtoto. Ninapokumbuka miaka ile, kinachokuja kwanza si milio ya bunduki kutoka milimani, bali harufu ya mawese yakichemka, wanawake wakigeuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, kwenye mchanga kwa fagio, bugali wa muhogo na mboga ya lengalenga, na injini za mitumbwi zikikohoa alfajiri zikirudi na samaki. Shuleni nilikuwa wa kwanza kwa hesabu. Kumbuka hilo, maana lilinipa kiburi, na kiburi ndicho kilichonifikisha hapa.

Milima ilipochafuka, watu walishuka ziwani na magodoro kichwani. Hakuna aliyeulizwa kabila lake kwa mdomo. Waliulizwa kwa macho. Bibi hakuuliza kwa vyovyote. Alimfungulia mlango mama mmoja kutoka upande wa Bugarama, kijana bado, mwenye mtoto mgongoni, akampa chumba cha nyuma kilichokuwa cha kuhifadhi mapipa ya mawese. Mumewe hakuja naye, nasi hatukumwuliza alikobaki. Watoto tulimwita Mama wa Mlimani. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini mikono yake haikuokoteza. Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu jembe alilitafuta mwenyewe siku ya kwanza. Alitwanga, alifagia, alinisuka nywele, na usiku alituimbia sote wawili, mimi na binti yake, wimbo mmoja wa Kirundi wa kubembeleza.

Siku ile aliyofika alikaa kwenye kigoda cha udhu, akaanza kubandua kutoka kwenye sweta la mtoto vimbegu vidogo vyenye vikulabu, vile vinavyoganda kwenye nguo mtu akipita porini. Walikuwa wamelala porini siku nyingi. Alivibandua kimoja kimoja, akavitupa hapo alipokaa. Mvua zilipokuja vikaota katika kitalu cha Bibi.

Na hapa, rafiki yangu, ndipo pa kuangalia vizuri. Gugu lililoota lilifanana na marashi ya masera kama ndugu wa tumbo moja. Nalo lilikuwa na majani ya duru, nalo lilikuwa na shina la pembe nne. Tofauti ni kwamba shina lake lilikwaruza na kuganda kwenye nguo, na lilikuwa nene, bichi, linapanda juu ya mwenzake na kumfunika. Bibi aliliona, akasema atapalilia mwenyewe kwa mikono yake, asiguse mtu.

Katika siku hizo mtoto wa Mama wa Mlimani alishikwa na kikohozi. Mama yake alimwendea Bibi mbele ya majirani waliokuja kuchota maji, akamwomba vijiti viwili vitatu vya ule mmea amchemshie, maana kwao, alisema, kuna mmea wa namna hiyo na wazee huutumia kwa kifua. Bibi alikataa. Alisema haya ni marashi, si dawa, na kila kijiti kina bibi arusi wake. Hakusema kwa ukali, ila alikataa, na majirani walisikia. Mama wa Mlimani akasema ni sawa, akaenda kumsugua mtoto kifua kwa mawese ya moto.

Siku mbili baadaye ikaja habari ya msiba Gatete. Dada yake Bibi amefariki. Bibi akaondoka na gari la asubuhi. Kurudi siku ileile hakukuwezekana, kwa kuwa baada ya saa sita magari hayakuthubutu kupita. Akaniacha mikononi mwa Mama wa Mlimani. Akaniambia, "Mwagilia marashi asubuhi na magaribi. Magugu uyaache, nitakuja kupalilia miye."

Mimi nikaona nimfanyie Bibi mambo makubwa. Atoke msibani akute kitalu safi, acheke, aseme mjukuu wangu amekuwa. Nikachuchumaa, nikahesabu. Nilihesabu kwa Kifaransa, kama tulivyofundishwa shuleni, ili nijisikie msomi. Lile nene, bichi, nikapata manane, duru ya kwanza, ya pili, ya tatu. Manane kamili. Lile jingine, lililonyongeka chini yake, nikapata sita, kisha saba. Nikafikicha na kunusa, kama msichana yeyote wa mtaa wetu anavyofanya kwa mrehani au mchaichai. Yote mawili hayakunukia. Basi nikaamua kwa hesabu. Kupapasa sikupapasa. Kukausha ndiyo hata sikukufikiria.

Mama wa Mlimani alikuwa akipepeta mchele barazani. Akanyanyuka, akaja. "Mutoto, acha kwanza," akasema. "Hapo iko vitu viwili, vinafanana. Hii ingine ni ya kwetu, najua mimi. Ngoja nikuonyeshe."

Nikamwambia, "Hii ni ya Bibi yangu. Wewe ni mugeni tu."

Nakuandikia maneno hayo kama nilivyoyasema. Yeye alirudi kwenye ungo wake, nami nikang'oa marashi ya masera yote, na mizizi yake, uzi kwa uzi, kwa uangalifu mkubwa, kama mtoto mwenye akili. Nikabeba fungu nikalitupa nyuma ya jiko, juu ya rundo la makapi ya mawese tuliyowashia moto.

Bibi alirudi Ijumaa baada ya sala ya mchana, macho mekundu kwa kilio. Akaenda kutawadha. Nikasikia birika likianguka. Nilipotoka nilimkuta amepiga magoti, anapapasa shina moja baada ya jingine, na kila alilopapasa liliganda kwenye mkono wa kanzu yake. Hapo, kwa uso wake, nikajua nimefanya nini. Akaniuliza, bila kunitazama, "Nani amegusa hapa?"

Nikasema, "Mimi nilimwagilia tu."

Ilikuwa hofu. Nilidhani nitasema kweli baada ya dakika chache, akishatulia. Lakini Bibi hakutulia. Alifikiri, na alifikiri vizuri, hilo ndilo linaloniuma. Alisema aliyeng'oa alijua anachokitaka, kwa sababu ameacha gugu lote na kuchukua marashi yote. Mtoto angeng'oa ovyo, huku na huku. Mwizi mjinga angechukua lile lililonawiri. Huyu alijua. Na nani katika ua ule alikuwa anaijua mimea ya namna hiyo, na nani aliomba akanyimwa?

Majirani walikuwa wameshafika kumpa pole ya msiba. Mbele yao wote Bibi akamwita Mama wa Mlimani, akamwambia, "Nilikufungulia mulango, nawe umening'olea muzizi. Ungeniibia sahani ningenyamaza."

Mama wa Mlimani alisimama, mtoto mgongoni. "Bibi, mimi sikugusa," akasema. "Imana, Mungu wetu, iko inaniona."

"Basi ni nani?"

Akanitazama. Alikuwa ameniona siku ile kuanzia duru ya kwanza hadi uzi wa mwisho. Alinitazama kwa muda wa kutosha mimi kufungua mdomo, na sikuufungua. Kisha akainamisha macho, akasema tu, "Sijui, Bibi." Mgeni hamshtaki mtoto wa nyumba, sijui kama ni hilo. Au pengine alingoja nijisemee mwenyewe. Nimelifikiria miaka yote na bado sijapata jibu. Bibi hakumfukuza. Hakuna aliyemwambia aondoke. Lakini jioni ile jirani mmoja alihamisha sufuria zake zilizokuwa uani kwetu, akazipeleka ndani, na Mama wa Mlimani alimwona akizihamisha.

Kesho yake, Jumamosi, nilitumwa makapi ya kuwashia moto. Nilipofika nyuma ya jiko nikasimama. Jua la Rumonge lilikuwa limefanya kazi yake. Rundo zima lilinukia sanduku la bibi arusi.

Sasa sikuwa na kisingizio chochote. Uthibitisho ulikuwa mbele yangu, ungeweza kuniumbua mimi na kumsafisha yeye kwa pumzi moja. Ilikuwa kumwita Bibi tu. Na chumba cha nyuma kilikuwa wazi, nilimwona Mama wa Mlimani akikunja nguo za mtoto na kuzifunga kwenye kitenge. Nilijua maana yake. Nilijua vilevile kwamba milimani bado hakujatulia, watu wazima waliongea hayo kila jioni mbele yetu. Nikakusanya majani yote, nikayatia kwenye mfuko wangu wa shule, nikakimbia nayo ufukweni, pale wanawake wanapoanika ndagala, mahali pekee nilipojua harufu nyingine itayashinda. Nikayafukia mchangani. Nilirudi nyumbani mikono ikinuka samaki, na nilifurahi kwamba inanuka samaki.

Aliondoka Jumapili asubuhi na mapema. Aliacha chumba kimefagiliwa na mchele umepepetwa. Alimpigia Bibi goti, akamwambia murakoze kwa miezi yote ile, na Bibi akajibu, "Haya, nenda salama," akiwa amegeuzia uso ukutani. Mimi alinishika kichwa. Kikohozi cha mtoto nilikisikia mpaka walipopita msikiti. Walisema walimwona akipanda njia ya kwao pamoja na watu wengine waliosikia kwamba kumetulia. Hakukuwa kumetulia. Wiki ile ile, usiku, tuliona moto kwenye vilima vya upande huo. Tangu hapo hatukusikia habari yake, nzuri wala mbaya. Baada ya vita nilipofikia umri wa kusafiri peke yangu nilikwenda Bugarama mara mbili, nikauliza. Lakini unamuuliziaje mtu ambaye jina lake hukuwahi kulijua? Nilisema: mama mmoja, mwenye mtoto wa kike, anaimba vizuri. Watu walinitazama kwa huruma, wakaniambia wa namna hiyo walikuwa wengi.

Kitalu hakikufufuka. Bibi alipeleka ujumbe misheni kuomba mzizi mwingine, akajibiwa kwamba masera alirudi kwao zamani na bustani imekuwa msitu. Gugu alilifyeka, likaota tena, akalifyeka tena. Maarusi waliendelea kuolewa kwa udi na pafyumu za dukani, na Bibi akawa anaalikwa kama mzee yeyote. Leo ukiwauliza wasichana wa Rumonge habari za marashi ya masera watakucheka, na hata mimi mwenyewe harufu yake nimeanza kuisahau. Naikumbuka kwa maneno tu, si kwa pua. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mimi ndiye mjukuu mwenyewe, na sikuhitaji kuambiwa.

Ningeweza kusema kweli miaka mingi iliyofuata. Nilikuwa na nafasi kila siku. Mwanzoni niliogopa kofi, baadaye niliogopa kumuumiza, mwishoni niliogopa uzee wake. Sababu hazikunikosa.

Bibi alikufa vizuri, kitandani mwake, vita vimekwisha, mama yangu amerudi, nyumba imejaa watu. Siku ya mwisho alifanya kama wazee wetu wanavyofanya: alituita sote, akaomba radhi kwa kila mmoja aliyemkosea, kisha akaanza kuwasamehe waliomkosea yeye, mmoja mmoja, ili asiende mbele ya Mungu na kinyongo. Alimsamehe muuza ndagala aliyempunja. Alimsamehe babu kwa jambo ambalo hakulitaja. Mimi nilikuwa nimemshika mkono, naye akaubana kidogo, akapumzika, akasema, "Na yule mama wa mulimani aliyeniibia marashi yangu. Alikuwa na shida, masikini. Nimemusamehe. Mungu naye amusamehe."

Watu wote chumbani wakaitikia, "Amina."

Nami nikaitikia.